Subira na Maumivu ya Maungo

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa mifupa na nyama, akamtia ndani yake moyo wa kumjua Mola wake. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, mwenye kuzitazama safu za misikiti yetu wakati wa Alfajiri atawaona wazee wanaoinuka katika sijida kwa kujishika mapaja, na wengine walioacha kabisa kusujudu juu ya mkeka, wakasali kitini penye pembe ya safu. Hao ndio wanaoonekana. Wasioonekana ni wengi zaidi: ni mama zetu waliokaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi miaka 40, wakachuchumaa mbele ya meko na penye karo la kufulia, na leo magoti yamewakatalia, ni mafundi ambao vidole vyao asubuhi havikunjiki hata jua lipande, ni watu wazima, wala si wazee, ambao ngazi ya ghorofa moja imekuwa kwao ni mlima. Ugonjwa wao twauita baridi yabisi, na kwa jina hilo moja tumeyakusanya maradhi mengi yasiyofanana.

Mtu huyo anapolalamika hujibiwa na watu wa namna mbili. Wa kwanza humwambia, "Ni utu uzima huo, subiri," kisha wakageuka wakaendelea na shughuli zao. Wa pili humwambia, "Hilo si bure, una jicho la watu," wakamchukua kwa mpiga ramli, naye akamvika hirizi gotini na akamtoza fedha. Wale wa kwanza wamelichukua neno tukufu wakalifanya kifuniko cha uvivu wao. Wa pili wameiharibu itikadi ya mgonjwa na mfuko wake pamoja. Na sisi twasema kuwa iko njia nyingine, nayo ni kuutibu mwili kwa daktari na, pamoja na hayo, kuufundisha moyo na akili namna ya kukaa na maumivu. Na kwamba kujifundisha huko ni sehemu kubwa ya subira tuliyoamrishwa.

Lakini tusianze na moyo kabla ya mwili. Imepokewa kutoka kwa Usama bin Sharik, katika Abu Dawud na Tirmidhi, kuwa mabedui walimwuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute dawa wanapougua, naye akawaamuru wajitibu, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa yake, isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Basi mwenye kuumwa na maungo, la kwanza ni ajue anaumwa na nini. Kuna maradhi ya kulika kwa gegedu, yaani ile nyama ngumu yenye utelezi iliyovika ncha za mifupa. Haya huwapata zaidi wenye umri mkubwa, na wenye uzito mwingi, na waliopata kuumia zamani, na makao yake ni magoti, nyonga na vidole. Kuna jongo, ambalo ni chembe ndogo kali zinazojikusanya katika kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, nalo lina dawa zake mahsusi. Na kuna maradhi ambayo madaktari huyaita rumatoidi athritisi: jeshi la mwili lililowekwa kupigana na vijidudu hugeuka likayashambulia maungo ya mwenyewe. Hayo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, tena hata vijana. Huvimbisha vidole vya mikono yote miwili, na ugumu wake wa asubuhi huweza kupita saa nzima.

Nimelitaja hili la mwisho kwa urefu kwa kuwa kukawia kwake ni hatari. Zipo dawa, kama methotreksati inayotumiwa mara moja kwa wiki chini ya uangalizi wa daktari, ambazo zikianzwa mapema huzuia maungo yasiliwe. Lakini kiungo kilichokwisha kuharibika na kupinda dawa hairudishi kilivyokuwa. Basi mwenye kumwambia binti wa miaka 30 aliyevimba vidole kuwa asubiri tu, au asome nyiradi tu, amemdhulumu. Na yote tutakayoyasema chini kuhusu moyo, yasichukuliwe na mtu akayafanya badala ya hospitali.

Tukishayajua hayo, twarudi kwenye maumivu yenyewe. Watu wengi hudhani kuwa maumivu ni kama uzito wa mchele katika mizani, kwamba kiungo kikilika kidogo chauma kidogo, na kikilika sana chauma sana. Sivyo. Madaktari wanaopiga picha za eksirei za magoti wamekwisha kuona mara nyingi mtu ambaye goti lake katika picha limelika vibaya naye anatembea, na mwingine ambaye picha yake haina kubwa naye hawezi kupanda ngazi. Daktari mmoja wa Marekani, Henry Beecher, aliwatazama askari waliojeruhiwa vitani huko Italia katika Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1946 akaandika kuwa wengi katika wale wenye majeraha makubwa, walipoulizwa, hawakutaka dawa ya maumivu. Jeraha kwao lilikuwa na maana ya kutoka vitani na kurudi nyumbani hai. Kisha mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall wakaeleza kuwa katika uti wa mgongo pana mfano wa lango: khabari za maumivu zatoka gotini zikielekea ubongoni, na ubongo nao wapeleka amri zake chini, mara za kulifungua lango na mara za kulifunga. Hofu, huzuni, kukosa usingizi na kuyakodolea macho maumivu hulifungua; utulivu, matumaini na shughuli hulipunguza. Wataalamu waliofuata wamesahihisha mengi katika maelezo yale, lakini asili yake imesimama.

Hapa yapasa tuseme jambo kwa sauti. Kusema kuwa moyo una mkono katika maumivu si kusema kuwa maumivu ni ya kubuni, wala kuwa mgonjwa anajidekeza, wala kuwa imani yake ni haba. Mama Aisha (r.a.) alilalamika kwa kuumwa na kichwa, na Mtume (s.a.w.) hakumkemea, bali alimjibu kuwa yeye naye kichwa chake chauma. Hadithi hiyo iko katika Bukhari. Na Nabii Ayubu alimlingana Mola wake kuwa dhara imemgusa, kama ilivyo katika Suratul-Anbiyaa, na juu ya hayo Mwenyezi Mungu amemsifu katika Suratu Swad kuwa ni mwenye subira. Kwa hivyo mtu kusema "naumwa" hakumtoi katika subira. Twawaomba wale wenye kumwambia mgonjwa "mbona unalia na wewe ni Muislamu" wazisome aya hizo kabla ya kwenda kuzuru wagonjwa.

Wala elimu hii ya kuwa mwili na nafsi huambukizana si ngeni kwetu, ingawa leo twaipokea kwa jina la Kizungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, sawa na mwaka 934, alitunga kitabu alichokiita Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na ya nafsi. Aliwalaumu matabibu kwa kuushughulikia mwili peke yake, na ilhali mwanadamu ni mwili na nafsi, na kimoja kikiugua mwenziwe hasalimiki. Akausia kuwa kama vile mtu mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua, kadhalika ajiwekee akiba ya fikra zilizo sawa wakati moyo wake umetulia, apate kuzitoa utakapochafuka. Watu waliokuja zaidi ya miaka 1000 baadaye wameyajaribu mambo ya namna hii kwa hesabu na kwa kulinganisha wagonjwa na wagonjwa, na kwa kazi hiyo wanastahili shukrani; lakini mlango ulikwisha kubishwa hodi.

Je, wanafundisha nini hao wataalamu? Katika Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Francis Keefe na wenziwe waliwachukua watu wenye maumivu ya magoti. Kundi moja lilifundishwa kwa mazoezi namna ya kuyakabili maumivu. La pili lilipewa masomo ya kuujua ugonjwa. La tatu likaachwa na matibabu yake ya kawaida. Mwaka 1990 walitangaza kuwa wale wa mazoezi walipata nafuu ya maumivu kuliko waliopewa masomo. Sisi watu wa darsa yatupasa tulizingatie hilo: kumweleza mtu jambo si sawa na kumzoeza.

Zoezi la kwanza ni juu ya maneno ambayo mgonjwa hujiambia. Goti limemkata usiku, naye akilala chali anasema moyoni: kesho sitainuka, mwakani nitakuwa kiwete, wanangu watanichoka, sina la kufanya. Maneno hayo hayakutoka gotini, yametoka katika hofu, nayo hurudi yakaongeza maumivu. Michael Sullivan na wenziwe, waliotunga mwaka 1995 kipimo cha mambo haya, walitaja sehemu zake tatu: kuyarudiarudia maumivu katika fikra, kuyakuza, na kujiona huna hila. Mgonjwa hufundishwa kulikamata neno kama hilo linapopita, kuliuliza kama lina ukweli, na kuweka badala yake neno la kweli. Hatuambiwi aweke la uongo la kujifurahisha. Hasemi "sina maumivu", asema, "Usiku kama huu nimeupita mara nyingi, na asubuhi nikiisha kujinyosha kwa maji ya moto nitapata nafuu."

Na katika Sunna pana kisa ambacho sijui kama kuna kinacholifaa jambo hili zaidi. Mtume (s.a.w.) alimzuru bedui mgonjwa, akamwambia maneno yake ya kawaida kwa wagonjwa, kuwa hapana neno, ni kutakasika, Mungu akipenda. Bedui akayakataa: akasema hiyo ni homa inayochemka ndani ya kizee, itakayompeleka makaburini. Mtume akamjibu kuwa basi na iwe hivyo. Kisa hiki kiko katika Bukhari. Tazameni, ndugu zangu: mgonjwa aliletewa mkononi neno la matumaini na mbora wa viumbe, akalirudisha, akachagua la kaburi. Ni wangapi kwetu wafanyao hivyo kila usiku? Na kudhania mema kwa Mwenyezi Mungu ni faradhi ya moyo, nayo kama faradhi nyingine hutaka kuzoezwa.

Zoezi la pili ni juu ya kutikisika. Mwenye kuumwa huogopa kulitikisa goti, akadhani kila uchungu ni dalili ya kuharibika. Basi hukaa. Akikaa, misuli hunyong'onyea, kiungo hukauka, na siku atakayoinuka maumivu huwa makali kuliko jana, naye husema, "Sikuwaambia?" Akazidi kukaa. Wengine wana kosa la upande wa pili: siku wanapojisikia vyema huosha nyumba nzima na nguo za wiki, kisha wakalala kitandani siku tatu. Dawa ya wote wawili ni moja, nayo ni kwenda kwa kiasi, na kiasi hicho kiwe kwa saa, si kwa maumivu. Mwenye kujua kuwa goti lake huanza kulalamika baada ya dakika 20 za kukaa chini, na aweke kazi yake dakika 10, ainuke, atembee, arudi. Baada ya wiki aongeze kidogo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi ya Mama Aisha iliyo katika Bukhari na Muslim, kuwa amali inayopendeza mno kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, ijapokuwa ni chache. Twaijua hadithi hii katika sala za usiku na kusoma Qur'ani. Basi na ituongoze katika kutembea kutoka nyumbani hata msikitini pia.

Zoezi la tatu ni kutuliza mwili na kuushika moyo mahali pamoja: kuvuta pumzi taratibu, kukaza misuli na kuilegeza mmoja mmoja, kuyatazama maumivu bila ya kupigana nayo. Mtu aliyelieneza hili mahospitalini ni Jon Kabat-Zinn, tangu mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, na yeye alichota katika mafundisho ya Mabudha, kisha akayavua vazi la dini. Wako wataoniuliza hukumu yake. Kuvuta pumzi na kulegeza mabega si ibada ya mtu yeyote, nayo ni halali kama kukanda mguu. Ama itikadi za wenyewe, hatuna haja nazo. Lakini Muislamu aliyejifunza khushui katika sala, akasimama mbele ya Mola wake akaacha kila fikra ipite na asiifuate, ana mazoezi hayo mara tano kwa siku kama angaliyatimiza. Tatizo letu ni kuwa twasali kwa haraka.

Na tuweke sawa jambo moja. Dhikri hatuifanyi ili tuone dawa ya goti. Ni ibada, nayo yatosha kuwa ibada. Suratur-Raad yatueleza kuwa nyoyo hutua kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Moyo ukitua na mwili ukapata fungu lake, hiyo ni fadhila. Mwenye kuhesabu tasbihi huku akipima kama maumivu yameshuka, huyo bado anayatazama maumivu. Vitabu vyasimulia kuwa Urwa bin Zubeir, aliyekuwa katika mafakihi wakubwa wa Madina, alikatwa mguu kwa maradhi akatulia kwa kumdhukuru Mola wake. Ni kisa cha kutia moyo. Lakini tusimtake kila bibi aliyeumwa na nyonga awe Urwa, kisha tukamlaumu asipokuwa.

Sasa twafika kwenye hirizi, kwa sababu wenye nazo wana hoja, na hoja hujibiwa. Wasema: "Fulani alivikwa, na baada ya siku saba akatembea. Mtakataa lililoonekana?" Hatukatai kuwa alitembea. Maumivu ya maungo hupanda na kushuka kwa tabia yake, na mtu haendi kwa mganga siku yamemshuka. Huenda yalipofika kileleni, na baada ya kilele ni mteremko, hirizi iwepo isiwepo. Na zaidi ya hayo, matumaini yenyewe hutuliza. Mwaka 2002 mpasuaji J. Bruce Moseley na wenziwe huko Houston, Marekani, walitoa khabari za wagonjwa 180 wa magoti yaliyolika. Baadhi yao walisafishwa goti kwa kupasuliwa kweli, na wengine walichanjwa ngozi tu na kushonwa, wala ndani hamkufanywa kitu, na wao hawakujua. Katika miaka miwili ya kuwafuata, waliopasuliwa kweli hawakuwashinda waliochanjwa ngozi. Hata tiba ya hospitali, basi, yaweza kusifiwa kwa nafuu isiyokuwa yake. Na madaktari walijipima wenyewe wakayasema hadharani. Ni mganga gani aliyewahi kujipima hivyo?

Atasema mwingine: "Kama matumaini hutuliza, mwacheni mama wa watu na hirizi yake yenye matumaini." Hapana. Kwanza, Mtume (s.a.w.) ameihesabu hirizi kuwa ni katika shirki, na hapana nafuu ya goti inayostahili kununuliwa kwa tauhidi. Pili, anayemtegemea mganga hawi na nguvu yake mwenyewe. Kila maumivu yanapopanda hurudi na fedha mkononi, naye huambiwa adui amezidisha, ikawa sasa anaumwa na goti na kumshuku jirani. Tatu, siku zinazopotea katika ramli na ngoma za pepo ndizo siku ambazo ile rumatoidi athritisi inakula vidole. Na mbona twende huko, na ya halali tunayo? Uthman bin Abil-As alimlalamikia Mtume (s.a.w.) maumivu aliyokuwa nayo mwilini tangu kusilimu kwake, akafundishwa aweke mkono juu ya mahali panapouma, ataje jina la Mwenyezi Mungu mara tatu, kisha aombe mara saba kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na uwezo wake na shari ya kile anachokipata na anachokihofia. Iko katika Muslim. Mkono ni wake mwenyewe, dua ni yake mwenyewe, wala hapana malipo. Na kumbukeni lile neno la mwisho: shari ya anachokihofia. Hofu ya maumivu imetajwa kando ya maumivu.

Huko Chuo Kikuu cha Stanford, California, muuguzi mmoja aitwaye Kate Lorig alianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970 mafunzo ya wenye maradhi ya maungo: wiki sita, saa mbili kila wiki, na waongozaji si madaktari bali ni watu wa kawaida waliofunzwa, wengi wao wakiumwa vivyo hivyo. Mwaka 1993 yeye na wenziwe waliandika kuwa baada ya miaka minne maumivu ya waliohudhuria yalikuwa yamepungua kwa kiasi cha asilimia 20, na kwenda kwao kwa madaktari kwa asilimia 40. Jambo lililowashangaza ni kuwa nafuu haikufuatana sana na nani aliyefanya mazoezi mengi. Ilifuatana zaidi na nani aliyepata yakini kuwa ana la kufanya. Insafu yatulazimu tuongeze kuwa jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 812, lililotangazwa mwaka 2006, halikuona maumivu yakipungua kwa mafunzo ya namna hiyo. Liliona wasiwasi ukipungua na kujiamini kukiongezeka. Kwa rai yangu hata hilo si dogo. Mtu ambaye maumivu yake ni yale yale, lakini analala usiku na anatoka kwenda sokoni, amepata kitu.

Hivi ni kwa nini jambo la namna hii lisiwe misikitini na madrasani mwetu? Mikeka iko, vyumba viko, na wagonjwa wako. Halitaki mitambo. Lataka mtu mmoja aliyeelekezwa na daktari au muuguzi, na watu kumi wenye maumivu watakaokutana kila wiki, kila mmoja akataja aliloahidi wiki iliyopita na kama alilitimiza. Na akina mama wawe na baraza yao wenyewe, ikiongozwa na wao wenyewe, kwa kuwa wao ndio wengi katika ugonjwa huu na ndio wachache katika darsa zetu.

Neno kwa watoto na wakwe. Adabu yetu kwa wazee ni njema, lakini imetufundisha kosa moja. Bibi akishika ukuta kuinuka, tunakimbilia: "Kaa, bibi, usijisumbue!" Twamletea maji, twamletea chakula, twamtoa mkononi ufagio, upawa, hata kuchambua mchele. Kila tunalomtoa mkononi ni kiungo kimoja kilichopata sababu ya kukauka, na ni khabari moja moyoni mwake kuwa amekwisha. Wataalamu wa tabia wameona tangu zamani kuwa mgonjwa anayekimbiliwa kwa kila mguno hupungukiwa na uwezo badala ya kuongezeka. Wema wa kweli ni kumwachia kazi anazoziweza, kumwekea kiti cha kimo cha kumwepusha kuchuchumaa, kumtwalia mbuzi iliyoinuliwa juu ya meza, na kumwuliza, "Leo umefanya nini, bibi?" kabla ya kumwuliza, "Leo wapi panauma?" Na mkiona amenyamaza siku nyingi, hali, halali, hataki kuonwa, basi hiyo ni huzuni iliyokuwa ugonjwa, mpelekeni kwa daktari kwa hiyo pia. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na dhiki ya moyo na huzuni, na akimsifu uji wa talbina kuwa humpumzisha mgonjwa moyo wake. Aliyasema hayo kwa kujua kuwa moyo nao waugua.

Limebaki suala la viti. Tumesikia kuwa katika baadhi ya misikiti wako wanaochukia viti visiwekwe ndani, wakisema ni kujifananisha na kanisa, na kwamba mzee asiyeweza kusujudu ni bora asali nyumbani. Neno hili halina asili. Imran bin Husein alikuwa na maradhi, akamwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya sala, akaamriwa asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Bukhari ameipokea. Mwenye kuweza kusimama na asiweze kusujudu, asimame penye kusimama, kisha akae kitini, aashirie, na sijida aiinamie zaidi kuliko rukuu. Mwenye kudhuriwa na maji ya baridi na asiweze kuyapasha moto, atayamamu. Na aliyekuwa na wiradi mrefu au sunna nyingi akazuiliwa na maungo, huandikiwa mfano wa alivyokuwa akifanya alipokuwa mzima. Hayo yamo katika Bukhari kwa mapokezi ya Abu Musa. Imamu awaambie watu hivyo juu ya mimbari, ili mzee asione haya. Viti vitano au sita vyatosha msikiti wa mtaa. Viwekwe karibu na mlango, mahali mwenye gongo atavifikia bila ya kuvuka watu, wala visifungiwe stoo ambayo ufunguo wake anao mtu asiyehudhuria Alfajiri.

Wabillahit-tawfiq.